Jicho la Gari la Marehemu Mbelwa

Kwanza rudishieni huo mlango. Haya, kila mtu mkono kifuani, mwape: hili halitoki humu ndani. Usimwambie jirani, usimwambie mume, na wewe uliyekaa dirishani, usiuambie hata mto wako wa kulalia. Mmeapa? Vizuri. Hidaya naye aliniapisha vivyo hivyo, tena kanibana mkono hadi ukauma, nami nikamwambia wallahi mwanangu, kwangu limeingia kaburini. Sasa sogeeni niwasimulie lote, maana Korogwe nzima wanalijua nusu, na hiyo nusu wameikosea.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Mwajabu, mwenye ile nyumba ya ukuta wa rangi ya maziwa. Alijaliwa watoto watatu, na wa nne ni Semkiwa, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa. Kila mmoja alikuja duniani na chake. Singano alipewa miguu ya udereva: akikanyaga pedeli anajua gari linaumwa wapi, kama mkunga anavyojua tumbo. Semkiwa alipewa vidole vya nyaya. Fundi wa umeme wa magari, ana mashine yake ya kupimia, akiichomeka gari linamweleza siri zake zote. Hidaya alipewa ulimi. Msicheke, ulimi ni kipaji. Yule mtoto akikuuliza habari ya bei ya nyanya, unajikuta umemwambia ulivyogombana na mumeo.

Mbelwa, kifunguamimba, alipewa kukumbuka watu. Ndiye aliyemnunulia mama yake gari, la rangi ya fedha, lililokuja na meli likiwa limeshatumika huko Ujapani, lakini safi utadhani halijawahi kukaliwa. Na mkewe Mbelwa, Somoe? Watu walisema huyo hakupewa kitu. Kazi yake kunyamaza. Asubuhi alikuwa analifuta gari uso kwa kitambaa wakati mumewe anakunywa chai, basi, kisha anarudi ndani. Mwekeni hapo pembeni Somoe, tutamrudia.

Gari lile lilikuwa na kitu wanakiita kruzi. Dereva analiambia mwendo anaoutaka, anaondoa mguu, nalo linakwenda lenyewe. Mbele kukiwa na lori linapunguza lenyewe. Lori likipisha linaongeza lenyewe, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni, haachwi wala hamkanyagi visigino. Bi Mwajabu alilipenda kwa hilo. Mbelwa akimpeleka kliniki Tanga, mguu kaupumzisha, wanazungumza njia nzima. Na Singano akishika usukani siku hiyo, akaanza mbio zake, Mbelwa anamwambia kutoka kiti cha nyuma, "Taratibu, umembeba mama."

Basi Mbelwa akafa. Hakufa kwa gari, msije mkaanza kubuni. Kifua kilimbana jioni, alfajiri hakuamka. Kijana mwenye nguvu zake. Matanga yakawekwa, turubai likafungwa uani, na Somoe akaingia eda kwenye chumba cha nyuma, nguo nyeupe, pete na herini zimevuliwa zimefungwa kwenye leso. Hatoki ila kwenda choo cha uani, hasemi na mwanaume asiye maharimu wake.

Gari likabaki uani, karibu na choo. Na hapo ndipo ulipoanza msiba wa pili wa Bi Mwajabu. Kila mtu akifungua mlango wa gari lile, likilia ule mlio wake mdogo, mama wa watu anainuka anakwenda kuteleka chai. Mwanawe karudi. Anafika jikoni, kashika birika, ndipo anakumbuka. Anasimama na birika lake tupu mpaka mtu aje amtoe.

Ilipotokea mara nyingi akamwita Singano, akasema kwa sauti, pazia la chumba cha Somoe likiwa hapo hapo, "Lipeleke Tanga mjini, liuzwe. Siliwezi. Nitalisindikiza mwenyewe, nikirudi nirudi na basi."

Asubuhi wakatoka. Walipopita Segera, mkonge huku na huku, barabara imenyooka, Singano akaiweka kruzi. Likaenda vizuri. Mara, barabara tupu, mbele hakuna hata kuku, gari likafunga breki lenyewe! Mkanda ukambana Bi Mwajabu hadi pumzi ikakata. Nyuma kulikuwa na lori la saruji. Likapiga honi, likayumba, likawapita kwa ubavu kiasi cha kukwaruza kioo. Singano akaliingiza pembeni.

"Mama, u mzima?"

Bi Mwajabu alikuwa amegeuza shingo anatazama kiti cha nyuma.

"Mama?"

"Amesema taratibu," akajibu.

Wakarudi nyumbani polepole, mguu wa Singano ukiwa juu ya pedeli njia yote. Habari ikafika mtaani kabla hawajashuka. Eti gari lina mwenyewe. Eti marehemu hataki liuzwe. Wapo waliokuja na ubani wa kulifukiza, na jirani mmoja, simtaji, lakini nyumba yake ina geti la bluu, alisema watoto wasicheze karibu nalo. Bi Mwajabu hakubishana na mtu. Ila mchana watu wakilala, alikuwa anatoka, anaingia garini, anakaa kiti chake kile cha mbele, anasema kimyakimya, "Nimekusikia, baba. Nimekusikia." Na usingizi aliokuwa ameukosa tangu mazishi ukawa unamjia humo humo, shingo imelala kwenye mkanda.

Lakini wanawe waliogopa. Singano alisema gari la namna hiyo litaua mtu. Basi Ijumaa, wakiwa wote wamekaa mkekani, Bi Mwajabu akatoa neno lake mbele ya mashahidi: "Atakayeliponya alichukue. Siku ya arobaini, baada ya khitma, nitakayemwekea ufunguo mkononi ndiye mwenye gari, na lisilale tena uani kwangu." Alisema kwa ukali. Moyoni aliomba asipatikane wa kuliponya. Hilo hakulisema, lakini mzazi yeyote humu ndani ananielewa.

Singano akaanza. Kila asubuhi alilitoa gari peke yake, akaenda nalo njia ya Mombo. Alikaa nyuma ya trekta la mkonge, akaiweka kruzi, akaacha mguu hewani karibu na breki akisubiri. Gari halikuliona trekta. Lilikuwa linakwenda kulivaa kama halipo, na Singano akakanyaga mwenyewe, kati ya bampa na matairi ya trekta pamebaki kama upana wa meza. Siku nyingine kruzi iligoma kabisa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Na siku zote, akishalizungusha kwenye barabara ya mawe, jua likapanda, kruzi inarudi, linafuata magari kwa adabu kama zamani. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope.

"Mama, injini nzima, breki nzima. Gari hili haliumwi miguu, linaumwa macho. Tena linaumwa likitoka nyumbani. Likikaa barabarani linapona."

"Likitoka nyumbani?" akauliza mama yake.

"Humu uani. Hapa ndipo linapougulia."

Bi Mwajabu akashusha pumzi. Kwake hiyo ilikuwa habari njema. Mbelwa yumo nyumbani.

Semkiwa akafuata. Alichomeka mashine yake, akatazama, akatikisa kichwa. "Shangazi, mashine inasema rada imezibwa." Akaeleza kwamba jicho la gari liko nyuma ya ile nembo ya mbele, katikati ya sho, yale matundu yanayopitisha upepo. Jicho lile linatupa mawimbi nje na kuyapokea yakirudi. Kitu cha bati au cha fedha kikikaa mbele yake, gari ni kipofu, na kikining'inia kikachezacheza, gari linaona ukuta pasipo na ukuta. Akafungua sho nzima, skrubu moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Nyuma ya nembo akakuta kijikaratasi cha fedha, chembamba, kimebandikwa kwa gundi ya unga wa ngano, upande mmoja umeshakauka na kubanduka. Akakitoa, akalisafisha jicho, akalipima upya. Gari likawa zima, Singano akalijaribu hadi Hale na kurudi.

"Upepo umekiingiza," akasema Bi Mwajabu haraka.

"Upepo hausongi gundi, shangazi."

Asubuhi yake gari likaumwa tena. Wakafungua. Kijikaratasi kingine.

Hidaya ndiye wa tatu. Alikiweka kile kijikaratasi kwenye kiganja, akakigeuza, akakinusa. "Hii ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Humu nani anavuta?" Wakatazamana. Hakuna. Bi Mwajabu hakutaka sigara nyumbani kwake; mume wake alikufa kwa kikohozi cha sigara, na tangu hapo hata mgeni akitoa pakiti anaonyeshwa barabara. Kisha Hidaya akaona karatasi ina mikunjo midogomidogo, imezunguka, kama kitu kilichokuwa kimesokotwa kikaja kunyooshwa kwa ukucha. Akajitanda kanga, akaingia mtaani na ule ulimi wake. Duka hili anauliza chumvi, duka lile anauliza vocha, na kila mahali anaacha sigara ijitaje yenyewe. Alirudi macho mekundu.

"Umeambiwa nini?" mama akauliza.

"Mama, niache. Kesho kutwa ni arobaini. Utaona kwa macho yako, maana kwa mdomo wangu siwezi."

Siku ya arobaini ikafika. Watu wakajaa. Semkiwa alilifungua gari asubuhi, akalisafisha, akalifunga, milango akaitia loki, akampa shangazi yake ufunguo. Bi Mwajabu akaufunga kwenye pindo la kanga. Ndipo Hidaya akasimama uani, akapaza sauti kama muuza samaki, uso ameuelekeza kwenye dirisha la chumba cha nyuma: "Jamani, gari limepona! Khitma ikiisha linaondoka leo leo!"

Adhana ya alasiri ikalia. Wanaume wakatoka kwenda msikitini, wanawake wakahamia upande wa jikoni kupakua pilau. Uani kukawa kimya. Lakini Hidaya alikuwa amewanong'oneza wanaume, mkirudi msipite mbele, piteni kijimlango cha nyuma. Akamshika mama yake mkono, akamsimamisha kwenye kona ya choo.

Bi Mwajabu aliniambia mwenyewe, na hili mkilisema nitakana, kwamba pale konani alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba aje asiyeonekana. Aone karatasi inakwenda yenyewe. Alikuwa tayari kuzirai kwa furaha.

Akaja Somoe.

Alitoka na nguo zake nyeupe, akatazama huku, akatazama huku, akapiga magoti mbele ya gari. Akafungua leso yake. Akatoa kitu kidogo kinachong'aa, akakinyoosha kwa ukucha, akakipaka ujiuji wa unga kutoka kwenye kikombe, akapenyeza mkono kwenye matundu ya sho. Vidole vyake vyembamba vikaingia hadi kwenye nembo. Na wakati huo huo kijimlango kikalia, wanaume wakaingia, shehe mbele. Somoe akashtuka, akavuta mkono. Mkono haukutoka. Akavuta tena. Umeshikwa kwenye kifundo, na watu wote wa khitma wamesimama wanamtazama: mwenye eda, kichwa wazi, mtandio umeanguka, mkono wake umo kinywani mwa gari.

Wanaume wakageuza nyuso. Wanawake wakaja mbio na miko yao.

Hidaya akamfunika wifi yake mtandio. Bi Mwajabu akasogea, akachuchumaa. Chini, pale alipoiacha leso, kulikuwa na pete. Si za dhahabu. Pete za karatasi ya sigara, zimesokotwa vizuri, nyingi, nyingine zimeshachakaa.

"Za nani hizi, mwanangu?"

"Zangu, mama." Somoe hakulia. Sauti ilikuwa kavu. "Alikuwa anavuta. Hapa, nyuma ya choo, ukishalala. Aliogopa ujue, akasema utamwona baba anakufa tena. Kila pakiti ikiisha, karatasi yake ananisokotea pete. Za dhahabu nimevua, ni sheria. Hizi hakuna aliyezijua aniambie nizivue."

Bi Mwajabu akaishika moja. Ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Na jicho la gari ulilijuaje?"

"Alinionyesha. Akasema, Somoe, hili ndilo linalomlinda mama barabarani, nikiwa nakunywa chai wewe lisafishe. Mimi ndiye niliyelifuta kila asubuhi. Likipona linaondoka, mama. Kiti chake bado kimevutwa nyuma kwa miguu yake. Kioo bado kimeinamia macho yake. Wakilichukua watavirekebisha."

"Shemeji," Singano akasema, uso ameuelekeza ukutani, "lile lori la saruji lilikuwa mgongoni. Mama alikuwa ndani."

"Nilidhani litagoma tu, lirudi. Sikujua linaweza kufunga breki."

"Ulipojua, ukabandika tena."

Somoe aliinamisha paji la uso, likagusa boneti.

Bi Mwajabu akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na kanga zake za shughuli. Akauliza polepole, kama anayeuliza njia, "Kwa hiyo siku ile, ile breki. Haikuwa yeye?"

"Haikuwa yeye, mama. Ni mimi."

Basi wanangu, kilio alichotoa yule mama, hakukitoa siku ya mazishi. Siku ya mazishi alikuwa na watu wa kumshika. Hii ilikuwa mara ya pili kumzika, na safari hii peke yake.

Alipotulia, Semkiwa akainama kuangalia sho. "Shangazi, nikiuvuta utakatika. Lazima nifungue boneti, na loki ya boneti iko ndani. Nipe ufunguo."

Mkono wa Bi Mwajabu ukaenda kwenye pindo la kanga, ukasimama. Maana aliapa mbele ya watu wale wale: leo, nitakayemwekea ufunguo mkononi ndiye mwenye gari.

"Mama, mpe yeyote afungue," akasema Singano, kisha akaongeza chini kwa chini, "ila kumbuka nani aliyeweka roho yake nyuma ya trekta. Bila mimi msingejua ni macho."

"Na kujua ni macho bila kuliona jicho ni nini?" akasema Semkiwa. "Mimi ndiye niliyeikuta karatasi. Lakini sisemi kitu. Nipe nimtoe."

"Mngelifungua na kulifunga hadi Idi," akasema Hidaya, "na kila asubuhi lingeumwa. Mimi ndiye niliyemleta mgonjwa na ugonjwa wake hapa." Akamtazama Somoe, akaangusha macho. Nadhani alijuta kabla hajamaliza kusema.

Yule wa geti la bluu akadakia kutoka nyuma, "Na huyu aliyetaka kuua watu, yeye anapewa nini, pongezi?" Na bibi mmoja mkongwe akamjibu, "Anayejua kiti cha mumewe kimevutwa wapi, wewe utampa nini kinachomtosha?"

Somoe mwenyewe hakuomba ufunguo. Hakuomba hata kutolewa. Alisema tu, "Mama, ukimpa mtu, mwambie kile kiti akisogeze mwisho."

Na Bi Mwajabu amekaa vumbini, fundo la kanga mkononi, pete ya karatasi kwenye kidole chake kidogo, hajui ameivaa saa ngapi. Singano kanyoosha kiganja. Semkiwa kanyoosha kiganja. Hidaya kanyoosha kiganja. Somoe hana cha kunyoosha, mkono wake mmoja umo ndani ya gari na mwingine umefunika uso.

Fundo likafunguka.

Sasa nyie mlioapa, na mnaojua nusu ambayo mtaa haujui, semeni. Wa kwanza alihatarisha roho, wa pili akalipata jicho, wa tatu akaipata sababu. Na wa nne alilipofusha gari kwa upendo ule ule aliokuwa akilisafishia. Mngekuwa nyinyi ndio yule mama, kiganja kipi mngekiwekea ufunguo?